Muulize Shangazi: Kwa miguu kutoka mwisho wa reli hadi Ujiji

Barua za mwezi huu zimenishangaza. Nimezoea kuulizwa habari za wakwe, mahari na vijana wasiorudisha madeni. Safari hii nne zinauliza habari za kutembea kwa miguu. Sijui mmeambizana, au nauli ndiyo imewafundisha. Nazijibu zote, ila ya kwanza nitaikalia, maana imenikuna panapowasha.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni karani hapa Tabora, nina miaka 31. Mwezi wa saba nakuja Kigoma kwa treni, na nitakuwa na siku moja na nusu kabla ya kazi iliyonileta. Nataka kwenda Ujiji kwa miguu, lakini sitaki barabara ya lami yenye daladala na honi. Rafiki yangu aliyesoma huko zamani kidogo anasema ipo njia tulivu ya kando ya ziwa, unapitia Katonga. Hata ramani ya simu inaonyesha kijistari cha nukta nukta kinachofuata maji. Je, inapitika? Inachukua saa ngapi? Na niogope nini? – Karani Mtembezi, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Karibu mwisho wa reli.

Njia hiyo nimeanza kuipita mwaka 1968, nikiwa na miaka tisa. Mama yangu alikuwa muuza migebuka, samaki wa ziwa letu. Alfajiri tunanunua mwaloni Ujiji, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, yeye anajitwika sinia kubwa, mimi dogo, tunaikamata barabara kuu kwenda Kigoma nusu tunatembea nusu tunakimbia, maana mgebuka hauna subira na jua. Kurudi ndiko kulikokuwa na raha. Masinia matupu, hela imefungwa kwenye pindo la kanga, mama anasema, "Leo tupite kwa dada." Dada yake alikuwa ameolewa Katonga. Basi barabara tunaiacha, tunateremka upande wa Bangwe, tunalifuata ziwa. Kwa hiyo naijua kwa upande uleule unaoutaka wewe: Kigoma mgongoni, ziwa mkono wa kulia.

Jibu la haraka ni kwamba inapitika. Ila hicho kijistari cha kwenye simu kisahau. Kilichorwa wakati kuna mchanga. Maji ya ziwa yalipanda 2020 na 2021, yakapanda tena 2024, na watu wa Kibirizi na Katonga waliokuwa wamejenga karibu na ufukwe wanajua walilala wapi usiku ule. Pale rafiki yako alipopita na viatu vikavu, panaweza kuwa panapita mtumbwi. Mwaka mwingine maji yanarudi nyuma, mchanga unatokea, watoto wanaweka magoli ya mawe. Simu haina habari na hayo. Mwenye habari ni mama anayeanika dagaa Katonga asubuhi hiyohiyo unayopita.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe, mzaliwa, nilijidanganya. Machi 2021 nilimchukua mjukuu wangu nimwonyeshe tulikokuwa tunapita na mama. Nikajitapa nyumbani kwamba hii njia naweza kuipita nimefumba macho. Mbele ya Katonga kidogo nikakuta mwembe ninaoujua umesimama ndani ya maji kama mtu aliyekwenda kuoga akasahau kurudi. Tukasema tupite maji ya kifundo. Kifundo kikawa goti. Tope likaivuta kandambili yangu ya kushoto na hadi leo iko huko. Tukapanda juu kidogo, tukakuta kiwanja kimezungushiwa seng'enge mpaka majini, na mlinzi, kijana mdogo tu, akatuambia hapapitiki. Nikamwambia nilikuwa napita hapa kabla mama yake hajazaliwa. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Bibi, nakuamini, lakini geuza." Tukageuza. Tukakwea kilima katikati ya mashamba ya muhogo ya watu, mimi mguu mmoja peku, mjukuu anacheka kimyakimya akidhani simwoni. Safari ya saa tatu ikawa ya saa tano na nusu.

Sasa nikupe njia yenyewe kama ningekuwa nakutuma dukani.

Ukitoka stesheni, jengo la Wajerumani hilo, simama ulitazame kidogo. Reli ilifika hapa Februari 1914, na hapo ndipo Kigoma ilipoanza kuwa Kigoma. Mbele yako ni barabara ya Lumumba inayopanda chini ya miembe kwenda Mwanga. Wewe usipande huko, huko ndiko kwenye daladala. Wewe shika upande wa kusini, ulizia Bangwe. Kipande hiki ni cha magari kidogo na bodaboda, hakina cha kusimulia, kimalize mapema. Nikuonye moja: bandari, kambi na ofisi za serikali usizipige picha bila kuuliza. Sisi ni mkoa wa mpakani. Kwa sababu hiyohiyo beba kitambulisho. Mtu mgeni mwenye begi mgongoni anayetembea kandokando ya ziwa bila sababu inayoeleweka lazima ataulizwa anatoka wapi, na hakuna ubaya. Jibu vizuri, utaonyeshwa na njia.

Katonga usiikimbie. Nakuomba uketi pale nusu saa, ununue hata chai. Kama usiku uliopita wavuvi walitoka, utakuta dagaa wametandazwa, wengine kwenye mchanga, wengine juu ya chanja, na kinamama wamechutama katikati yao. Tazama mikono yao. Yule mwenye kufagio kidogo cha chelewa anawageuza dagaa taratibu kutoka upande mmoja, hawabiringishi ovyo, maana dagaa akivunjika kichwa ameshuka bei. Wakiwa wabichi wanameta kama sarafu mpya. Jua likishawakaa wanakuwa na rangi ya bati la zamani. Anachukua mmoja katikati ya vidole viwili anamkunja. Akilia "ka!" amekauka. Akijikunja kama uzi, bado. Harufu itakupiga siku ya kwanza, ukikaa robo saa huisikii tena. Na tafadhali, mwanangu, angalia unapoweka mguu. Mgeni anayekanyaga dagaa wa mtu akitazama milima ya Kongo hasahauliki upesi pale.

Kama utafika ukakuta chanja tupu na wanaume wanashona nyavu, usidhani kijiji kimekufa. Tazama mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na giza likishaingia ziwa lote lilionekana kama mji mwingine upande wa pili. Dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo siku za mbalamwezi, mwezi ukishakuwa mpevu, taa za wavuvi hazina kazi na watu hupumzika. Kuna jambo jingine pia: mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana. Wewe unakuja Julai. Uliza kabla hujajiahidi kula mgebuka mbichi.

Hapo Katonga ndipo unapouliza swali lako kubwa, na namna ya kuliuliza ina maana. Usiseme, "Njia ya ufukweni inapitika?" Watakujibu ndiyo, kwa upole, kwa sababu wao wanapita na mitumbwi. Sema, "Mama, wewe ukitaka kwenda Ujiji kwa miguu leo, unapita wapi?" Hapo atasimama, atajifunga kanga vizuri, atakuonyesha kwa mkono. Mara nyingi atakuonyesha juu, kilimani. Mfuate huyo.

Kilimani ni njia ya miguu, ya kupita mtu mmoja nyuma ya mwingine. Inapita kwenye mihogo na michikichi. Huko utakutana na watu watatu wanne tu: mtoto na mbuzi, mzee na baiskeli anayoisukuma kwa sababu kilima kimemshinda, mwanamke na dumu la mawese kichwani. Wote wasalimie. Ukiwa mjini Tabora unaweza kupishana na mtu kimya, huku njia ni nyembamba na ukimya wako ni taarifa. "Shikamoo" kwa wakubwa, na ukiweza kumwambia Muha "Mwakeye" asubuhi, atakucheka matamshi halafu atakusindikiza mpaka njia panda.

Juu pale pana upepo na kimya. Utasikia ziwa bila kuliona, kisha utaliona bila kulisikia. Julai usitegemee kuiona Kongo. Ni kiangazi, watu wanachoma mashamba, moshi na vumbi vinaifuta milima yote ng'ambo, unabaki unatazama maji yanayoishia hewani. Wanaotaka milima waje Januari, mvua ikishakatika asubuhi. Utaihesabu mikunjo ya milima ya Kongo kama ya kitenge kilichopigwa pasi. Ila Januari njia hiyohiyo ni utelezi, na umeshasikia habari za kandambili yangu. Kwa mtu wa viatu vya ofisini, Julai ni bora.

Kuteremka Ujiji utajua umefika kwa miembe na kwa sauti za nyundo mwaloni. Pale mafundi wanatengeneza boti za mbao kama zamani. Ukiwakuta wanatia kalafati, wanasukumiza pamba kwenye maungio ya mbao kwa patasi, ukae uangalie. Mimi utotoni nilidhani wanaishona boti.

Saa? Barabara kuu ni kama kilomita nane, mtu wa umri wako anaimaliza kwa saa mbili bila kutoa jasho la aibu. Kwa njia yangu weka saa nne pamoja na chai ya Katonga. Ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukiondoka saa tatu, kilimani utafika na jua la utosini, na huko hakuna duka.

Ya kuogopa ni machache lakini ni ya kweli. Maji ya ziwa ni maangavu yanakuita, na kichocho kimo, hasa penye majani na maji yaliyotulia karibu na makazi. Mamba wapo, si kila mahali, na wenyeji wanajua wapi. Wanapooga watoto wengi ndipo pa kuuliza. Yupo pia fira wa majini, nyoka mrefu mwenye pete nyeusi shingoni, chakula chake samaki. Hana haja na wewe, ila hukaa kwenye mawe ya ufukweni, na wewe utataka kukaa kwenye mawe ya ufukweni. Gonga kwanza kwa fimbo. Fimbo yenyewe itakusaidia na mbwa.

Kurudi, panda daladala. Hakuna atakayekupa medali kwa kurudi kwa miguu.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nafundisha shule ya msingi hapa Ujiji. Niliwapeleka wanafunzi kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Tukaambiwa yeye na Stanley walikutana pale chini ya mwembe mwaka 1871, na kwamba wakati ule maji yalikuwa karibu. Mtoto mmoja akaniuliza: "Mwalimu, mbona maji yako mbali? Nani aliyehama, sisi au ziwa?" Nilimjibu tutazungumza kesho. Kesho imefika. – Mwalimu wa Darasa la Sita

JIBU: Marahaba mwalimu mwenzangu. Nimefundisha miaka 34, najua kesho hiyo inavyouma.

Aliyehama ni ziwa, na mwambie mtoto huyo amepata alama zote.

Ziwa Tanganyika lina mito mingi inayoingia lakini mlango wa kutokea ni mmoja, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Mlango huo una tabia mbaya. Ziwa likishuka, mchanga, udongo na matete vinaujaza, unafunga. Ukifunga, maji hayana pa kwenda isipokuwa kupanda, mwaka baada ya mwaka. Mwingereza Cameron alipofika pale mwaka 1874 aliukuta umesongwa na majani. Miaka ile Livingstone na Stanley walipokuwa Ujiji, ziwa lilikuwa linajaa. Walikutana tarehe 10 Novemba 1871 katika Ujiji ambayo maji yake yalikuwa juu sana kuliko haya yetu.

Kisha mwaka 1878 hivi kizuizi kikavunjika. Maji yakapata njia, yakauchimba mlango, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa kiasi cha mita kumi. Mita kumi kwenda chini! Sasa hapo mfundishe mtoto hesabu kidogo. Penye mwamba ulionyooka kama ukuta, mita kumi za kushuka zinaacha alama tu ukutani. Ufukwe wa Ujiji haukunyooka, umelala kama mkeka. Maji yakishuka mita kumi kwenye mkeka, yanakimbia mbali sana. Chukua sahani bapa na bakuli darasani, uvijaze maji, uyapunguze kidogo, waone wenyewe pembeni palivyokauka. Somo zima ni hilo.

Hata baada ya hapo halikutulia. Mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zililipandisha tena, likafika juu mwaka 1964. Mama aliuita mwaka wa maji. Nilipoanza kumfuata na sinia 1968, alikuwa ananionyesha vigogo vilivyooza ufukweni, "Hapa palikuwa na nyumba ya fulani." Nami nikamwonyesha mjukuu wangu 2021 maji mahali palipokuwa na njia. Kwa hiyo wanafunzi wako wakikwambia babu anasema hivi na bibi anasema vile, usimkosoe yeyote, waulize tu mwaka.

Huo mwembe wenyewe haupo tena. Miembe iliyopo pale inaelezwa kuwa ni uzao wake, na mimi sina ugomvi na hilo, embe ni embe. Ila nina kinyongo kimoja na safari za shule. Watoto wanatoka pale wanajua kofia ya Stanley, hawajui ni nani aliyembebea mizigo. Njia hiyo kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,200, na kila ushanga, kila kitambaa, kila pembe ya ndovu ilipita juu ya bega la mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, kilo 32. Wengine walikuwa waajiriwa, Wanyamwezi wengi walitembea kwa ujira na kwa fahari. Wengine walifungwa minyororo wakipelekwa kuuzwa, na Ujiji yetu ilikuwa soko. Mwambie kila mtoto aje na kilo tano za unga begani kutoka nyumbani hadi shuleni, siku moja tu. Wazazi watalalamika. Waambie ni mimi niliyesema.

Uliuliza pia kwenye kipande nilichokifupisha kwa nini Wajerumani hawakuileta reli Ujiji penye mji. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo. Ujiji ni mchanga na maji mafupi, meli itatia nanga wapi? Meli yao ya Graf von Goetzen, ililetwa vipande kwenye makasha, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe isichukuliwe na adui, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi tena 1927 kwa jina la Liemba. Jaribu kufanya hayo kwenye maji ya Ujiji. Ndiyo maana wazee wetu hadi leo wako Ujiji na bado wanasema, "Nakwenda Kigoma," kama wanaaga safari, ilhali manispaa ni moja.

SWALI: Shangazi, kila mwezi ni Kigoma, Kigoma, ziwa, ziwa. Sisi wa Tabora tufanyeje? Tutembee wapi? – Msomaji Aliyechoka, Tabora

JIBU: Nenda Kwihara. Iko kusini-magharibi ya mjini, kilomita chache tu. Baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walitembea pamoja hadi hapo, wakafika Februari 1872. Stanley akaondoka Machi kurudi pwani, Livingstone akabaki kungoja wapagazi na vifaa mpaka Agosti, miezi mitano kwenye tembe la hapo Kwihara, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Nilifika mara moja nikiwa kwenye semina Tabora. Njia ni tambarare, ina mchanga laini unaoingia kiatuni, na miembe. Niliuziwa asali njiani kwenye chupa ya soda na nikaimaliza kabla sijafika stesheni. Usipite mchana wa Oktoba. Zaidi ya hapo sina la kukufundisha, wewe ndiye mwenyeji, niandikie mimi nisome.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Mwanga na mama mkwe wangu. Ana miaka 68. Kila Ijumaa asubuhi anatembea kwa miguu hadi Ujiji kuwaona ndugu zake, na jioni anarudi. Bajaji tunampa nauli, anaichukua, halafu anatembea! Mume wangu anaona aibu, anasema majirani watadhani tunamtesa. Ameniagiza mimi ndiye nimkataze. Nifanyeje? – Mkwe wa Katikati

JIBU: Marahaba. Kwanza mumeo ni mwerevu, amekutanguliza wewe kwenye moto.

Mwanangu, mimi niko mwaka mmoja tu nyuma ya huyo mama na ninamwelewa. Ile hela ya bajaji anainunulia kahawa na kashata kwa wifi yake, na nakuhakikishia anakuwa mtu muhimu sana pale barazani. Ukimkataza hutaokoa miguu yake, utamnyang'anya Ijumaa.

Mpeleke akapimwe presha na sukari, kwa kisingizio kwamba wewe ndiye unayeogopa kwenda peke yako. Daktari akisema hana tatizo, mnunulieni raba nzuri zenye soli laini, si kandambili, na mwavuli wa rangi kali aonekane na madereva. Pale barabara inapokuwa nyembamba na daladala zinashindana abiria, atembee upande ule anaoyaona magari yakimjia usoni. Aondoke mapema, na kurudi apande gari, hilo mkubaliane naye kama watu wazima. Kwenda kwa miguu, kurudi kwa gari. Akikataa, mwambie hata Shangazi hufanya hivyo.

Ama aibu ya mumeo, dawa yake ipo. Ijumaa moja aombe ruhusa kazini atembee na mama yake. Abebe yeye kikapu. Majirani wakiuliza, atakuwa na la kujibu, na njiani atasikia mambo ambayo mama hawezi kuyasema sebuleni televisheni ikiwa inapiga kelele. Mimi na mama yangu tulisemezana zaidi kati ya Katonga na Ujiji kuliko nyumbani, na sehemu kubwa ilikuwa kunisema kwa nini nimeuza migebuka mitatu kwa bei ya miwili.

Halafu mwambie mama mkwe, akifika Ujiji Ijumaa ijayo, aulize mwaloni dagaa wanauzwaje. Mwezi utakuwa umeshaisha, giza litakuwepo. Nami nataka kilo mbili, wale wa "ka!"